Safina Haiondoki Kabla ya Salamu

Jumapili, 8 Septemba 2002

Kamati ya Gemu imekutana baada ya ibada, jikoni, kati ya birika kubwa la chai na ndoo ya kudekia. Mwenyekiti ni mimi. Mjumbe ni Dada Mumbi. Basi.

Nieleze mambo yalivyo, maana haya nakuambia wewe tu, shajara yangu. Watoto wetu hapa Edmonton, Uingereza, walikuwa wanashinda kwenye gemu za kupigana risasi. Kanisa likaamua watengenezewe gemu ya kumcha Mungu. Bwana Alnashir, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la kompyuta kule Kenton, alikubali kwa moyo mweupe. Si wa dini yetu, lakini Nuhu anamjua. Gemu inaitwa Safina. Mtoto anaongoza wanyama waingie ndani kabla mafuriko hayajawafikia. Alnashir anatupa Alhamisi jioni, hana siku nyingine, na Alhamisi moja ni kazi moja: ama arekebishe kasoro, ama aongeze kitu kipya. Jumapili naleta CD mpya, ndani ya mfuko wa koti, karibu na moyo.

Dada Mumbi ni nesi na ndiye anayefundisha watoto. Amesema kasoro ni mbili. Kwanza, mvua haisubiri. Gemu ikifunguka tu inaanza kunyesha, mtoto hata hajagusa kitu. Pili, mlango wa safina haufungi. Wanyama wanaingia, na maji yanawafuata. Raïssa, kabinti ka Kizito wa kwaya, alimwona tembo akizama, akalia mpaka akatapika biskuti. Sasa hataki kuja kwa masomo.

Nilimwambia nimesikia. Na nilisikia kweli.

Ila kuna jambo kubwa zaidi. Mzee Aristide amehamia Leeds. Kiti chake katika baraza la wazee wa kanisa kiko wazi. Askofu anakuja kutoka Nairobi Jumapili ya Mavuno, na siku hiyo wazee watamtaja mzee mpya. Nimeliombea jambo hili kwa muda. Naona Bwana ana maoni sawa na yangu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimetoka kazini ghalani, treni, basi, Kenton. Alnashir alikuwa tayari ameikalia mvua, anataka kuirekebisha. Nikamwambia aiache kidogo. Nataka Pasta atokee mwanzoni mwa gemu. Picha yake, mkono juu, awasalimie watoto. "Bwana asifiwe." Wanyama waitikie amina.

Alnashir akavua miwani. Akasema, "Bwana James, nyumba inavuja, wewe unaniletea pazia."

Nikamwambia kwetu mtu haanzi shughuli bila salamu, hata kama panavuja. Akasema kwao Kisumu ilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana marehemu babake hakuwahi kufika popote kwa wakati. Lakini ameiweka. Mtu mzuri sana. Namwombea.

Jumapili, 15 Septemba

Pasta amejiona ndani ya kompyuta. Akataka arudiwe. Akarudiwa. Kisha akaniita "mzee wangu" mbele ya watu wote. Mzee!

Dinah, mke wangu, anasema Pasta humwita hivyo hata dereva wa basi. Dinah anatunza vikongwe kutwa nzima, na imani yake kwa wanaume imepungua.

Halafu matatizo. Mama Plamedie, mwenyekiti wa kina mama, akanishika mlangoni. Akauliza kwa upole, ule upole wake wa kutisha, kama siku hizi safina inabeba wanaume tu. Nyuma yake Kizito, anataka kujua kwaya iko wapi. Wote wawili wamo kwenye baraza la wazee. Nikawaambia wako njiani, walikuwa wanakuja tu.

Dada Mumbi akauliza habari za mvua. Nikamwambia Alnashir ana kazi nyingi sana. Sikusema uongo. Ana kazi nyingi. Ni mimi ninayempa.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama Plamedie ameingia, pamoja na kitenge chake chote, hakuna kilichobaki nje. Kizito ameingia na kwaya nzima. Nilitaka kuomba ubeti mmoja tu, lakini Kizito alikuwa amekwisha kunipigia simu akasema, "Ndugu James, kwaya haikatwi kama umeme." Basi beti zote.

Alnashir akalalamika kwamba hizo ni kazi mbili. Nikamweleza kuwa salamu ni kitu kimoja, ila kina watu wengi. Akacheka, akanisogezea bakuli la chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili. Kisha akaniuliza: wakati hawa wote wanasalimia, mvua inafanya nini?

Nikasema inanyesha.

Akasema, "Basi umejijibu."

Sikuona nimejijibu nini. Nikanywa chai yangu.

Jumapili, 22 Septemba

Watoto wa Uingereza hawana adabu. Nimewakuta wakibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, Pasta anakatwa kabla hajafika kwenye "asifiwe". Mama Plamedie hapewi hata nafasi ya kufungua mdomo. Nikamuuliza mmoja wao kama nyumbani kwao mgeni akisalimu wanamruka. Mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza: wanaruka ili wamuwahi tembo.

Nikamwambia tembo atasubiri, watu wazima wakiongea.

Akasema tembo hana shida kusubiri. Ni mvua.

Dada Mumbi alikuwa anasikiliza, amekunja mikono. Manesi hujifunza kunyamaza kule kwenye vyuo vyao, kwa makusudi.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimemwagiza Alnashir salamu isirukike. Ukibonyeza, hakuna kitu. Unakaa, unasalimiwa, unaitikia, ndipo unacheza. Akauliza kama nina hakika. Nikasema adabu haina hakika, ni adabu.

Jumapili, 29 Septemba

Siku ngumu kidogo. Salamu sasa zinaisha maji yakiwa kwenye shingo ya twiga. Mtoto anapopewa nafasi ya kuokoa, hakuna wa kuokolewa. Watoto wamejitungia mchezo wao: wanakisia ni nani atakayezama wa mwisho. Huwa ni twiga. Wanamshangilia kwa nguvu, sauti inafika hadi kwenye maombi ya wagonjwa.

Dada Mumbi akauliza kama hilo ndilo somo. Nikasema hukumu ni hukumu. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeficha vidonge chini ya mto.

Kisha akaacha ukali kabisa. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, nakuomba Alhamisi moja. Raïssa alifika leo hadi mlangoni, akasikia ile mvua ya kwenye kompyuta, akarudi kwa mamake. Mtoto anaanza kuliogopa kanisa."

Liliniingia, sitaficha. Nikamuahidi. Nilimaanisha, na bado namaanisha.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilipanda basi nikiwa nimeamua: leo ni mvua. Nilikuwa na amani.

Tulipokaribia Kenton ndipo nikakumbuka. Askofu! Pasta anasalimia, kina mama wanasalimia, kwaya inasalimia, na mgeni rasmi hayumo. Angekaa mbele ya watu wote aangalie gemu nzima, asijione. Na mwenyekiti wa kamati ni nani?

Nikamfikiria Raïssa. Nikamfikiria Askofu. Nikamfikiria Raïssa tena, uwe shahidi. Nikaomba ishara. Basi likasimama, na aliyepanda amevaa kofia ya zambarau, rangi ya maaskofu. Ilikuwa ya sufu, na mvaaji ni bibi kizee mwenye mfuko wa viazi, lakini zambarau ni zambarau.

Alnashir alisema wazi. Hii ndiyo Alhamisi ya mwisho kabla ya Mavuno. "Mvua au Askofu. Chagua, ndugu yangu."

Nikachagua. Askofu amewekwa wa mwisho, kwa kuwa mgeni rasmi husema mwisho, hilo hata mtoto analijua. Nikaambiwa nichague na mahali pa kumsimamisha. Nikasema mlangoni mwa safina, mahali pa heshima, awakaribishe wanyama. Alnashir akaniuliza, polepole, kama naukumbuka mlango huo vizuri. Nikasema naukumbuka. Ni mpana, na Askofu ni mtu wa mwili.

Jumapili, 6 Oktoba. Mavuno

Naandika kwa sababu nimezoea kukuambia kila kitu. Vinginevyo ningelala.

Kanisa lilijaa. Maboga mbele, mikungu ya ndizi, makopo ya maharagwe. Gemu ilirushwa ukutani, kubwa, kila mtu aone. Raïssa nilimtafuta mwenyewe. Nilimkuta amejishikiza kwenye sketi ya mamake, nikamwambia leo tembo hana wasiwasi, Askofu mwenyewe yuko mlangoni. Akanitazama sana. Akakubali kukaa mstari wa mbele.

Pasta akasalimia ukutani. Mvua tayari inanyesha. Mama Plamedie akasalimia, swala wakaenda na maji. Kwaya ikaimba, na watu wakaimba nayo, wengine walifikiri yale maji ni pambo. Kwenye ubeti wa nne pundamilia wakaenda. Tembo naye akazama, akiangalia upande wetu. Kizito alikuwa bado anaongoza kwa mikono. Alipomgeukia binti yake, mikono ikashuka.

Ndipo akatokea Askofu mlangoni, mkono juu. "Wapendwa katika Bwana." Na maji, kwa kuwa mlango ule haufungi, yakaingia kwa kupitia yeye. Kofia ilitangulia. Kisha Askofu. Mkono wake ulibaki juu ya maji kwa muda, unabariki, halafu nao ukashuka. Akabaki twiga. Watoto wakalipuka kwa makofi.

Raïssa hakulia. Alisimama akamwendea Askofu wa kweli kwenye kiti chake, akamuuliza kwa Kiingereza kama hajui kuogelea.

Askofu akasema anajua kidogo, ila si wakati anahutubia.

Kanisa zima likacheka. Hata Pasta. Askofu akaongeza kwamba amekaa kwenye mikutano mingi ambapo salamu zilimaliza muda, lakini hajawahi kuona zikimaliza viumbe vyote. Akamuuliza mtoto kama kuna mtu aliyetaka mvua ile itengenezwe. Raïssa hakufikiri. Akamnyooshea kidole Dada Mumbi. Halafu, bila kuulizwa, akaninyooshea na mimi, akaeleza kwamba mimi ni wa salamu.

Wazee waliingia jikoni kushauriana. Walitoka chai haijapoa. Mzee mpya ni Dada Mumbi.

Dinah alinishika mkono njia nzima. Alisema mara moja tu, karibu na nyumbani: "Lakini Baba Natasha, Askofu mlangoni?" Akacheka mpaka akakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani ya watu. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 20 Oktoba

Mzee Mumbi amezitumia Alhamisi mbili. Salamu zote zimeng'olewa. Mvua inasubiri mtoto aanze. Mlango unafunga.

Leo Raïssa amecheza. Alimwacha kila mnyama akaenda moja kwa moja kwa tembo. Akamsukuma, akamsukuma, akamwingiza, mlango ukafunga. Maji yakapanda, safina ikaelea, ndani pakavu. Akakaa anautazama ule mlango. Kisha akaanza upya, tembo yule yule. Kizito alitoka nje kidogo kujipangusa uso. Mimi pia nilipata shida ya macho. Nadhani ni yale maboga, bado yapo.

Mzee Mumbi alinishukuru mbele ya watu kwa kuwa gemu ilianza na mimi, na ameniacha kwenye kamati. Hana kinyongo. Nimemsamehe kabisa. Nakiri kwa moyo wote: kazi ni safi, kasoro hakuna, na mtoto amerudi kanisani. Nilipokuwa narudi nyumbani nilimshukuru Mungu kwa yote niliyoyaona.

Ila ule mlango. Nimeufikiria tangu chakula cha mchana. Unafunga hivi hivi tu, pu, kila mtu aende zake. Hakuna neno la kumalizia. Kwetu hata mkutano wa kununua mifagio hufungwa kwa maombi, itakuwa safina?

Nimempigia Alnashir. Nimemwambia ni jambo dogo sana, Alhamisi moja: mlango usifunge mpaka mtu aombe. Aanze Mzee Mumbi, amestahili, na atafurahi. Kisha Pasta, hawezi kurukwa. Mama Plamedie, unamjua. Kizito atataka wimbo, lakini baada ya yaliyotokea nitamwomba apunguze ubeti.

Alnashir akauliza, mlango ukiwa wazi na hao wote wanaomba, maji yatakuwa yanafanya nini.

Nimemwambia maji nayo yafumbe macho.