Marehemu wa Somo la Nne

Jumatatu, 8 Septemba
Waliojiandikisha kozi yangu ya Kuuza Mtandaoni: arobaini na watatu. Waliofungua Somo la Tatu: wawili. Mmoja ni mimi. Madam Wakarima, bosi wetu pale kituo cha mafunzo cha Sarang'ombe, amesema nusu ya darasa isipomaliza Somo la Nne kufikia Ijumaa, kozi inafungwa na mimi naenda nyumbani. Kisha akamsifu Dalmas, mwalimu mwenzangu! Darasa lake la Ayany halijapoteza mtu. Ati huwapigia wanafunzi simu mmoja mmoja na kuwauliza wamekwama wapi. Ushamba mtupu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimetuma video ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kutazama video. Kimya. Sella, msusi wa hapa Kawangware, pekee ndiye aliyejibu: kidole gumba. Nikamuuliza amejifunza nini. Akasema hajaifungua, bando imeisha, lakini kwenye picha ya mwanzo shati limenikaa vizuri. Nimefurahi kidogo.

Jumatano, 10 Septemba
Ugunduzi! Kavindu, mwanafunzi wangu auzaye mitumba, ametangaza kwenye grupu kwamba amefiwa na shemeji. Ndani ya dakika kumi, pole thelathini na nane! Watu niliodhani wamehama nchi! Mmoja aliandika sala ndefu kuliko Somo la Pili. Kumbe wapo. Wanasoma. Ni mimi tu hawataki kunisoma. Imeniuma sana.

Saa kumi jioni nikamuua Mjomba Boaz. Ni seremala wa Riruta, mzima wa afya. Nikaweka picha yake, nikaandika kwamba ameanguka ghafla akipiga randa, na kwamba maelezo kamili yako mwisho wa Somo la Nne, baada ya maswali kumi.

Alhamisi, 11 Septemba
Wote wamemaliza! Arobaini na watatu! Sella amepata kumi juu ya kumi huku akilia. Madam amenipongeza. Dalmas akanishika mkono na kunipa pole ya msiba, macho yamelowa. Mnafiki.

Ijumaa, 12 Septemba
Sella ameunda kamati. Nani aliomba kamati? Darasa zima linakuja kesho kunifariji, na sukari, majani chai na mkate. Nikasema mwili uko mbali. Kavindu akasema wanakuja kwangu, si kwa mwili. Nikasema nyumba ni ndogo. Akasema turubai limepatikana. Bidii hii ilikuwa wapi wakati wa Somo la Tatu?

Jumamosi, 13 Septemba
Walikuja wote, pamoja na Madam na Dalmas. Wakaimba. Nikalia kweli, kwa hofu. Wakazidisha kuimba.

Pambio la tatu, Mjomba Boaz akaingia. Jirani alikuwa amempigia kwamba kuna matanga kwangu, naye akaja mbio. Akapewa chai. Akauliza nani ametuacha. Sella akamwonyesha picha iliyobandikwa mlangoni. Mjomba akaitazama kwa muda mrefu, akasema huyo anamfahamu.

Sella aliniambia tu kwamba alifunga saluni Jumamosi nzima kwa ajili yangu. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Mjomba hakunipiga. Alivuta kiti, akawauliza waombolezaji mmoja mmoja wanauza nini na wamekwama wapi. Saa tatu nzima! Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyegusa simu. Dalmas alikuwa akiandika.

Jumapili, 14 Septemba
Madam amenifuta kazi kwa ujumbe mfupi. Darasa amempa Mjomba Boaz, na Dalmas atamsaidia kwa mambo ya kompyuta. Wanafunzi wote wamebaki. Mimi wamenitoa kwenye grupu nililolianzisha mwenyewe!

Nimeketi, nimejichunguza kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Riruta ni karibu mno.

Kesho nafungua kozi yangu binafsi. Shangazi Nasike anaishi Bungoma, ndani kabisa, na hana simu. Maswali kumi tayari nimeyaandika.