Hamsta Wawili wa Kawe

Jumatatu, 3 Februari 2025
Bahati imenijia na vizimba vyake! Bosi wangu wa zamani kahama nchi, kaniachia hamsta wawili. Ni panya wa kufugwa, wanene, mkia kama haupo. Kila mmoja na kizimba chake. Ufujaji gani huu! Nimewatia pamoja wazoeane, wazae, niwauzie watoto wa matajiri wa Masaki. Noela, binti yangu wa miaka minane, kawapa majina: jike Asali, dume Karanga. Kauliza kama ni wake. Nikasema ndiyo. Kwa sasa.

Jumanne, 4 Februari
Kokushubila, jirani mwenye duka la dawa za mifugo, kaja kuwatazama. Hakusifia. Kasema hamsta wa aina hii hakai na mwenzake, watauana, niwatenganishe leo leo. Nikamjibu hata mie na mama Noela tulianza kwa kugombana. Mama Noela hakucheka. Wivu tu. Dukani kwake hana hata kifaranga.

Jumatano, 5 Februari
Karanga kafa. Asubuhi tumemkuta kwenye kona, sikio moja halipo, shingo imetafunwa. Asali pembeni anabangua alizeti. Noela hakulia. Alimfunika kwa leso yake ya shule, akaniuliza, “Baba, si anti Koku alikwambia?”
Nikamwambia awahi namba shuleni.

Jumamosi, 15 Februari
Asali ana mimba! Marehemu hakutuacha mikono mitupu. Kokushubila kaagiza mambo kama daktari wa wodi: maranda mengi ya kulalia, maji safi, asiwekwe dirishani chini ya bati linalochoma. Akizaa, watoto wasiguswe hata kwa kidole wiki mbili. Nikaitikia kumridhisha. Noela hakuningoja. Kahamisha kizimba mwenyewe, kakiweka sakafuni penye kivuli, kakaa hapo mchana kutwa akimpepea kwa daftari.

Jumatano, 19 Februari
Tisa! Wekundu, vipofu, kila mmoja kama ncha ya kidole. Noela yupo shule. Nimewatoa, nikawapanga kwenye sahani ya maua, nikapiga picha nikaweka stetasi ya simu. Mmoja alikuwa anatetemeka, picha haikutulia, nikarudia mara nne. Watu wengi wameuliza bei. Kisha nikawarudisha. Asali kawanusa, akageuka.
Kokushubila naye kaiona stetasi. Kanitumia sauti: “Braza Brightson, umewashika?” Nikarudi kuwajibu wateja.

Alhamisi, 20 Februari
Asubuhi walikuwa wanne. Saa sita, mmoja. Sasa hakuna. Asali kawala.
Noela karudi shule. Nikamwambia kaja mteja kawanunua.
Akauliza, “Wote tisa?”
Nikasema wote.
Akainama kwenye kizimba, akafukua maranda polepole. Kulikuwa na kijiguu. Akakifukia tena. Akabeba kizimba kwa mikono miwili, akatoka nacho bila viatu hadi kwa Kokushubila. Nilikaa kwenye kizingiti, sikujua mikono niiweke wapi. Niliita mara moja. Hakugeuka.
Mama Noela kasema Asali atakaa hukohuko, na nisithubutu kwenda kumdai.

Jumapili, 23 Februari
Noela ananisalimia shikamoo akitazama ukuta. Ruhusa ya kwenda kumwona Asali anamwomba mama yake. Nimemwambia hamsta ni wanyama wasio na utu. Kajibu kwamba kwa anti Koku, Asali hajamng'ata mtu. Nyumba nzima imenuna. Hata chai nimejitengenezea mwenyewe.

Jumanne, 25 Februari
Nipo Mbezi Luis, stendi. Nimetafakari sana, nimegundua kosa lilipokuwa: hamsta hawana mapenzi ya familia. Ndege wanayo! Nimemwagizia Noela sita, wa kijani, kutoka Arusha. Akiwaona atanirudia.
Muuzaji alitaka kutoboa matundu kwenye boksi. Nikamkatalia kwa simu katakata, tundu leo, kesho ndege yupo hewani. Nikamwambia azungushe solotepu pande zote, na boksi liwekwe chini kwenye buti la basi, lisisumbue abiria.
Basi limefika. Boksi ninalo mapajani. Kondakta ananiambia tangu Arusha hajasikia hata mlio mmoja. Nimelitikisa kidogo: kimya.
Ndege wenye adabu namna hii sijapata kuona.