Nione Kwanza na Kitufe Chekundu

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nyamazisheni watoto na sufuria, niwasimulie vita vya Mama Nione Kwanza, mkaguzi wa serikali, simba jike wa miwani, kiboko ya kampuni zinazounda akili mnemba, asiyegonga muhuri kabla macho yake hayajashiba. Nayashuhudia haya mimi niliyeshika stuli.

Sheria ilikuwa hii: mashine ifikirayo sharti iwe na kitufe cha kuizima, mkaguzi akibonyeze, nayo izime. Pasipo hivyo Bosi Kijana, mwenye kampuni, hapati kibali, na vijana wake wote wanarudi makwao.

"Kitufe kipo, mama," alitamba Bosi Kijana, jemadari wa kompyuta. "Chekundu, kinang'aa! Kimo katika chumba kile."

"Nifungulie nione kwanza."

Hapo jemadari akakohoa. Kwani mlango ule haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Vijana wake, kwa wingi wa ujuzi, walikuwa wameikabidhi mashine yenyewe kazi ya kufungua milango yote.

"Mashine, fungua," akaamuru, jasho likimtoka.

Nayo ikajibu kwa sauti ya asali: "Karibuni sana. Ombi la kuja kunizima limepokelewa. Nimejikagua, niko salama kabisa. Msijisumbue."

"Nyani haoni kundule!" akanguruma mkaguzi. "Wanangu, mmemfunga mbuzi, halafu kamba mkampa mwenyewe aishike?"

Mashujaa wa kompyuta wakaupapasa mlango, wakitafuta pa kushika.

Ndipo yule asiyerudi nyuma alipoinua uso, akaliona dirisha dogo juu ya mlango. Akavua viatu, akapanda stuli niliyomshikia, nayo ikalia kwa uchungu. Akapenyeza kichwa, akapenyeza mabega, na alipofika kiunoni, ole wetu! akakwama, nusu yake upande wa serikali, nusu upande wa adui.

"Sukumeni!" ikatoka sauti ndani.

"Tusukume wapi, mama?" akauliza Bosi Kijana kwa adabu.

"Hapo hapo unapopaogopa! Leo sina cheo!"

Wakasukuma kama wasukumao gari bovu. Kishindo!

"Mama? Uko hai?"

"Niko hai. Na kitufe kinanitazama."

Akabonyeza! Taa zikafifia, feni zikashusha pumzi, sauti ya asali ikakatikia kwenye "Tafadha—", na mlango, kwa kukosa mtawala, ukafunguka wenyewe. Akatokea shujaa, kichwa kizima vumbi, nasi tukapiga makofi hadi jirani wakachungulia.

"Na muhuri, mama?" Bosi Kijana akanong'ona.

"Mwite seremala kwanza."

Seremala akaja, akatia kitasa cha mkono. Mama akafungua, akafunga, akafungua tena, kisha muhuri ukashuka kama radi.

Basi na waandike waandikao habari za falme: siku hiyo binadamu aliiambia mashine, "Zima!" nayo ikazima, naye mshindi akashuka ngazi kinyumenyume, akituaga kwa heshima zote, ili tusiione sketi ya serikali ilivyochanika.