Risasi Zangu Zimelala kwa Mzee Abdikadir

Sista Mukai Kyule (Mstaafu)
Noonkopir, Kitengela

Kwa Katibu Makokha,
Klabu ya Walenga Shabaha ya Mbali,
Kitengela.

Kwako Bwana Katibu, ambaye bado nakuheshimu,

KUH: KUONDOLEWA KWANGU KWENYE MSTARI WA MITA MIA TISA

Natumaini u mzima na nyumbani hawajambo. Mimi pia ni mzima, macho yakiwemo, na hilo nimelitanguliza makusudi. Barua yako niliipata juzi nikichagua mchele. Uliandika kwa adabu, asante, kwamba baada ya shindano la Jumamosi kamati imeonelea nihamie mstari wa mita mia tatu, pamoja na wale wanaoanza, mpaka nionwe na daktari wa macho. Niliisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama, na haikuwa nzuri kwa vyovyote.

Kwa faida ya wanakamati ambao hawakuwepo, au walikuwepo lakini walikuwa upande wa nyama choma, nitaeleza kilichotokea. Tulikuwa tunashindania nafasi moja ya wastaafu ya kwenda mashindano ya kanda. Mimi nililala kifudifudi kwenye mkeka wangu mbele ya shabaha namba tano. Kulia kwangu, mbele ya namba sita, alilala Mzee Abdikadir Muhumed, yule aliyekuwa akiuza mbuzi hapa Kitengela kabla hajawaachia wanawe biashara. Nikalenga, nikashusha pumzi, nikapiga. Wale wanaokaa handakini chini ya shabaha wakaishusha, wakaweka alama yao kwenye tundu, wakaipandisha. Katikati kabisa. Shida ni kwamba shabaha iliyoshuka na kupanda ilikuwa namba sita, na Mzee Abdikadir wakati huo alikuwa akijimiminia chai.

Hali iliendelea hivyo karibu asubuhi nzima. Kwa kanuni zenu, mimi nikaandikiwa sufuri juu ya sufuri. Na kila shabaha ya Mzee Abdikadir ilipoonekana na matundu mawili, yake na langu, akapewa lile lililo bora. Lililo bora lilikuwa langu. Basi yeye akawa wa kwanza, nami nikawa chini ya yule bwana wa Isinya aliyelala usingizi kwenye zamu yake.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili msije mkasema hamkuyaona.

1. Kwanza, neno “amekosa”. Lilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya wageni, likifuatana na jina langu kama jina la pili. Bwana Katibu, sikukosa. Kukosa ni risasi kwenda kwenye nyasi. Yangu ilienda kwenye duara jeusi, kule mbali ambako wengi wenu hamfiki hata kwa gari bila kuuliza njia. Mimi nimelenga maisha yangu yote. Nilikuwa sista wa wodi ya wanaume, nimedunga sindano watu wazima wenye vifua vipana wakinikimbia kuzunguka kitanda, na sindano iliingia palepale ilipotakiwa. Hata kama ningedunga mgonjwa wa kitanda cha pili, huyo mgonjwa angekuwa amedungwa vizuri. Mfano huo wa mwisho naomba uufute.

2. Pili, ni suala la mali. Sisi tunaishi Kajiado, na hapa mambo haya yalikuwa na utaratibu wake kabla klabu yako haijafikiriwa. Ng'ombe wangu akipotea akalala kwenye boma la mtu, asubuhi bado ni wangu. Alama ya moto aliyochomwa iko pale ubavuni. Akizaa huko, ndama ni wangu pia, na mwenye boma hunirudishia wote wawili, tukanywa chai tukaachana vizuri. Sasa risasi zangu zimelala kwa Mzee Abdikadir, na zimezaa alama, na ninyi mnasema alama ni zake kwa sababu zililala kwake. Huo utaratibu mliutoa wapi? Nilimweleza jambo hili Bwana Leshan, msimamizi wa uwanja, nikijua kwamba yeye kama Mmaasai atanielewa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli, ila kwao mwenye ng'ombe aliyeingia kwa watu kila wiki huambiwa ajenge boma. Nilimwambia asichanganye mambo.

Kama shida ni alama ya moto, niko na dawa. Ile dawa ya zambarau tuliyokuwa tukipaka vidonda bado niko nayo chupa nzima. Nitachovya ncha za risasi zangu, na kila tundu lenye zambarau, popote litakapoonekana uwanjani, lihesabiwe kuwa la Sista Mukai.

3. Tatu, shabaha zenyewe. Nani alizinunua zote zikiwa sawa? Zote nyeupe, zote na duara jeusi, zimepangwa bega kwa bega kama watoto wachanga kwenye chumba chao, na namba imewekwa chini kwa aibu. Kule wodi ya wazazi, nilikoanzia kazi, tulijua kwamba watoto wachanga hufanana, na ndiyo maana tulikuwa tunawafunga kitambulisho mkononi kabla hata hawajalia vizuri. Binti yangu Soipan (baba yake marehemu alipenda jina hilo la Kimaasai kwa heshima ya majirani) anasema nivae miwani. Mimi nikiwa kwenye roshani yangu hapa Noonkopir naona vilima vya Ngong, na naona nani ameingia kwa jirani na amebeba nini kwenye mfuko wa karatasi. Mtu wa namna hiyo anahitaji miwani ya nini? Dawa ni picha. Chora ng'ombe kwenye moja, punda kwenye nyingine, mbuzi kwenye ya Mzee Abdikadir, awe anajisikia nyumbani. Kitu kikiwa na picha kubwa ya mnyama, hakuna binadamu mwenye akili timamu atakayekichanganya na cha jirani.

4. Nne, upepo. Unatoka upande wa Kona Baridi, unapita juu ya uwanja wetu kutoka kushoto kwenda kulia, na kila Jumamosi unabeba mali yangu unaipeleka kwa mtu mmoja. Ungebeba cha kila mtu nisingesema. Najua utasema mahali pa kulala tunapiga kura kwa kuchomoa karatasi kwenye kofia, na kwamba namba tano niliichomoa mwenyewe. Ndiyo, niliichomoa. Kwa hiyo, kofia hiyo nayo ichunguzwe.

5. Tano, na hapa nakuomba ukae chini, ni tabia ya Mzee Abdikadir. Mtu huyu ananitesa kwa wema. Jumamosi ileile aliinuka kwenye mkeka, akaambia mstari mzima kwamba yale matundu si yake, kwamba yeye hata hakuwa amepiga, alikuwa na kikombe mkononi. Nani alimuuliza? Watu ambao walikuwa hawajajua wakajua. Halafu Jumapili, nikitoka kanisani, nikamkuta mlangoni pangu na mkewe, Mama Fosiya, na maziwa ya ngamia. Akaniambia amekupigia simu, ameikataa nafasi ya kanda, nipewe mimi, kwa sababu hawezi kusafiri na mali ya mtu. Sasa mimi niseme nini? Nikikubali, nitakuwa nimepewa zawadi, na mimi sikuomba zawadi, nimeomba haki. Nikakataa. Yeye akakataa kukataa kwangu. Mama Fosiya akasema tuweke maziwa kwenye friji kwanza. Nafasi imebaki pale katikati yetu kama sahani ya mwisho ambayo wageni wawili wanasukumiana, na maziwa yameisha.

Kuna chai yake pia. Chupa huiweka kati ya mikeka yetu, ina tangawizi na hiliki, na anafungua kifuniko kila ninapotaka kushusha pumzi. Mimi hugeuka kidogo tu kupokea kikombe, maana kukataa chai ya mzee ni utovu wa adabu, kisha narudi kulala na kushika bunduki. Mwalimu wenu wa klabu anasema hapo ndipo mwili wangu unarudi ukiwa umegeukia upande wa kulia, na bunduki inafuata mwili. Kama ni hivyo, mwenye makosa ni nani? Naomba Mzee Abdikadir apewe onyo kwa maandishi, na chai iendelee.

6. Sita. Hili sikutaka kuliandika, lakini nimeshika kalamu tayari.

Nilipostaafu, kila mtu alijua mahali pa kuniweka. Kanisa liliniweka kwenye kamati ya maua. Soipan alininunulia kuku na kiti cha plastiki, akaniweka mlangoni niwaangalie. Jirani wananiletea watoto wao wenye homa niwashike paji la uso. Vyote ni vizuri, na sijamkataa mtoto wa mtu. Lakini vyote viko karibu, Bwana Katibu. Mkono wangu unavifikia vyote bila kuinuka. Siku niliyofika kwenye uwanja wenu, Leshan alinionyesha kitu cheupe kule mwisho wa tambarare, kidogo kama kidonge, akasema kile ndicho chako, kilenge. Nilikaa nikikiangalia mpaka chai ikapoa. Tangu wodi inipe kwaheri, hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu kilicho mbali. Jumatatu mpaka Ijumaa siku hizi nazipitisha nikingojea kulala kifudifudi kwenye vumbi, na majirani wakiniona nimevaa lile koti la ngozi na kamba ya bunduki mkononi wanauliza kama bado nahudhuria ibada. Nahudhuria. Na sasa mnaniambia nisogee karibu. Nimeumia, na sitaki kusema sikuumia.

7. Saba, kwa hiyo, baada ya kuyapima yote haya, naona suluhisho ni moja tu. Nilikuwa nimefikiria mzihamishe shabaha zote hatua moja kwenda kulia, ili namba tano iwe pale ilipo namba sita na risasi zangu zifike nyumbani. Lakini nikaona kwamba Mzee Abdikadir akipiga palepale alipozoea atapiga yangu, na tutakuwa tumehamisha ugonjwa tu. Basi naomba kamati iamue kwamba shabaha zote kwenye uwanja, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, ni zangu. Wanachama wengine wanaruhusiwa kuzitumia. Wakipiga katikati, tutawapongeza, na mimi nitaandikiwa. Wakipiga nje, wataandikiwa wao. Kwa utaratibu huu hakuna atakayepiga shabaha ya mtu mwingine tena, na neno “amekosa” litabaki kwa wanaostahili.

Nangojea jibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu nimeshafua mkeka.

Nisalimie Mama watoto, na wale vijana wa handakini ambao hunipandishia alama yangu kwa heshima hata ikiwa kwa mtu. Nisalimie Leshan, na ng'ombe wake wanaokatiza uwanjani tukipumzika na bendera nyekundu ikiwa imeshushwa. Salamu kwa mwalimu wa klabu ingawa ana maneno mengi. Kwa Mzee Abdikadir na Mama Fosiya, waambie maziwa yalikuwa matamu, mengine nitamwambia mzee mwenyewe.

Mimi niliye bado kwenye mita mia tisa mpaka nisikie vingine,

Sista Mukai Kyule

N.B. Bwana Katibu, barua hii inakufikia ikiwa imefunguliwa na imechelewa, naomba radhi. Nilipanda ngazi za jengo lenu Jumatano, nikaisukuma chini ya mlango wako kwa mkono wangu, nikarudi nyumbani nimeridhika. Mlango haukuwa wako. Ulikuwa wa jirani yako, Chama cha Wafugaji wa Kuku, ambao umechorwa jogoo mwekundu mrefu kuliko mimi. Leo asubuhi katibu wao, Bi Mwihaki, amenipigia simu. Ameisoma yote kwa sababu alidhani ni malalamiko ya chakula cha kuku, ameipiga muhuri wa kupokelewa, na anasema pale kwenye namba sita aliacha kazi akaenda kunawa uso. Aliniuliza kama yule jogoo sikumwona. Nilimwona. Nilifikiri ni pambo.

Nimekuja kuichukua barua, na nimetoka kumuona daktari wa macho, hapo chini ya ngazi zenu. Miwani itakuwa tayari wiki mbili zijazo. Niandike mita mia tatu kwa sasa, na mwambie Leshan anipangie mwisho wa mstari, upande usio na jirani. Mkeka wangu kule mita mia tisa usipewe mtu. Na nafasi ya kanda apewe Mzee Abdikadir, asikatae tena. Alama nyingi ni zangu, lakini mwambie aende nazo tu.