Nyama Chini ya Maua ya Noorbanu

Alhamisi, 18 Aprili 2013

Aurore anachukua mbwa. Mbwa huyo aliokotwa barabarani, akafungiwa huko wanakoweka mbwa wasio na wenyewe. Jina lake Kevin, kama bosi wetu kiwandani. Jumapili baada ya ibada anapokelewa nyumbani kwao Aurore, humu humu jengoni mwetu. Kwa sherehe! Mama Candide, mama yake Aurore, ameshamtafutia koti. Mimi nilipofika Toronto nilipewa koti tu, sherehe hapana.

Kibaya zaidi: Aurore katangaza mbele ya kwaya nzima, mwanaume atakayekataliwa na Kevin, na yeye anamkataa. Darius mpiga gitaa akacheka kwa raha. Na mimi nikacheka. Mbwa nawaogopa tangu kwetu Uvira.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepata akili. Mbele ya jengo letu hapa Flemingdon, bibi Noorbanu wa ghorofa ya chini ana bustani. Maua ya njano yametoka, theluji bado iko pembeni ya ukuta. Nimefukia nyama ya mbuzi katikati yake. Kesho nasimama hapo hapo. Kevin atanikimbilia mimi, Aurore ataona kwa macho yake. Darius kwisha!

Jumapili, 21 Aprili

Kevin kanikimbilia. Aurore nyuma, anavutwa kama mkokoteni. Nikafumba macho. Kufumbua, maua yote yako hewani, moja limetua kwenye kofia ya mchungaji. Kevin kala nyama, kisha kanikalia kiatu. Ushindi!

Dirisha likafunguka. Bibi Noorbanu ni mtu wa Mwanza, Kiswahili chake hakina kona.

"Wewe kijana. Nimepanda kabla ya theluji, nimengoja baridi yote, leo unavuna na mbwa?"

Nikamnyooshea kidole Kevin. Kevin akanitazama mimi.

Halafu akaenda kumlamba Darius, aliyesimama na wanakwaya. Bure, bila nyama.

Aurore akanishika mkono. Mkono!

"Gervais, huyu anakupenda sana. Utakuwa unamtembeza asubuhi, sivyo?"

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Koti la Kevin halipitishi maji. Langu linapitisha. Baada ya kumtembeza nikapanda maua mapya, bibi Noorbanu dirishani ananiambia nichimbe vizuri, kijana, hatuziki kuku. Sijui kajuaje.

Aurore kapita ndani ya gari la Darius, kiti cha mbele. Kanipungia. Muda mrefu kuliko kawaida!

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: ilikuwa mbuzi. Chini ya maua mapya nimeweka kuku.