Lebo ya Tairi la Theluji

Leo nimeumbuka. Tena asubuhi kweupe, mbele ya foleni ya watu.

Kwa msionijua, mimi ni dereva wa lori huku ughaibuni, mtaa wa Blacktown. Mkenya, mama wa watoto wawili, mwenye mdomo (hilo la mwisho mtaliona wenyewe). Miaka miwili nimeomba safari ya milimani, kule kusini kunakoanguka theluji, naambiwa ngoja. Juzi bosi akaniita. Safari ni yangu, akasema, ila niende mwenyewe nikachague matairi ya barafu, kwa kuwa ni mimi nitakayeyatumia. Nikivuruga, safari inarudi kwa Baraka.

Baraka ni dereva mwenzangu, Mkongomani mpole. Ndiye aliyenisindikiza leo hadi duka la matairi huko Liverpool (mtaa wa mji huuhuu, si Liverpool ya mpira).

Muuzaji, mzee Mvietnamu wa maneno machache, alikuwa ametupangia matairi manane, yamesimama ukutani. Nikaegemea moja, nikainamia la jirani, nikalipapasa. Mpira laini. Halafu nikaona mikato. Mamia ya mikato myembamba, kama ya wembe, kwenye kila jino la tairi!

Nikaurudisha mkono kama niliyeungua.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori Nakuru. Kule kwetu tairi likiisha meno, kuna mafundi wanaolichonga upya kwa kisu cha moto, linauzwa kama zima. Baba aliuziwa moja. Lilipasuka mteremkoni nikiwa darasa la saba. Tangu tumzike sipandi gari bila kupapasa matairi, na nikiona alama ya kisu naona jeneza lake. Naogopa mpaka leo, sifichi.

"Dada, hizi pneu, hizi matairi, ziko mupya," Baraka akasema taratibu. "Angalia lebo."

Nikamjibu kwamba lebo hata mimi naweza kubandika. Kisha nikageuka nyuma. Lile nililokuwa nimeliegemea halikuwa na lebo hata ya dawa. Saba yanazo, la nane uchi! Nikajua nimewashika.

Nikampigia bosi simu ya video, aone kwa macho yake. Nikaanza hotuba kwa Kiingereza changu cha kazini. Nilisema kuhusu wajane. Nilisema kuhusu dhamiri. Nilitembea mbele ya foleni, nikaenda, nikarudi, nikampa kila mteja mgongo kwa zamu yake. Watu wakainamisha vichwa. Bwana mmoja akajifunika uso kwa kofia. (Nilidhani ameguswa.)

"Nionyeshe lebo ya hili tairi," nikamwambia mzee. "Moja tu."

Mzee akamtazama Baraka. Baraka akatazama sakafu. Kisha akanijia kwa nyuma.

"Dada, unisamehe," akasema, akabandua kitu kwenye suruali yangu, pale ninapokalia. Krrrr. Kilichukua muda. Ilikuwa lebo ndefu kama mkono, yenye mlima na chembe ya theluji, sawasawa na zile saba.

Simu ilikuwa bado hewani. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Alinivutia kiti akaniuliza kwa nini nimeogopa vile, nami nikamweleza habari za baba. Kisha akatoa barafu kwenye sanduku la vinywaji, akaimwaga juu ya bati, akanipa vipande viwili vya mpira nivisukume. Cha tairi la kawaida kikateleza hadi ukingoni. Cha mikato kikagoma. Akanionyesha jinsi mikato inavyofunguka na kuuma barafu, na kwamba inatoka kiwandani hivyo. Kumbe kile nilichokiogopa ndicho kitakachonishika mteremkoni. Nikalia kidogo, sisemi uongo.

Nilipochukua simu, nilishaanza kujiandaa kumpongeza Baraka kwa kupewa safari yangu.

"Umeridhika na hayo matairi?" bosi akauliza.

"Nimeridhika."

"Basi unaondoka Jumatatu." (Alikata haraka. Nadhani alikwenda kucheka.)

Matairi yameshafungwa. Lebo nimeibandika ndani ya lori, karibu na picha ya baba. Najua angecheka mpaka akae chini, na yeye nimemruhusu. Nyinyi wengine, tafadhali, sijawaruhusu.