Kofia ya Majani na Siku Isiyo na Mpango

Alhamisi, 6 Agosti

Tumefika salama. Mji mdogo, bandari ndogo, vyumba viwili ghorofani juu ya duka la kamba na nyavu. Chumba chetu kinanuka lami. Mke wangu kafungua dirisha, kavuta pumzi, kasema raha kama hii hajaipata siku nyingi. Halafu kanigeukia, kidole juu. Jumamosi anataka siku moja tu ya kuzurura. Bila ratiba, bila ubunifu wangu. Kanikumbusha mwaka jana, ile mashua ya kumshtukiza iliyotusahau kisiwani mpaka magharibi. Eti akinusa hila moja tu, anafunga sanduku na kurudi nyumbani na wazazi wake, mimi nibaki kuwasimulia samaki.

Wazazi wake wako chumba cha pili. Wamenuniana tangu kwenye basi. Kisa dirisha! Mama mkwe alitaka lifunguliwe, baba mkwe alitaka lifungwe. Sasa wanazungumza kupitia kwangu. Mama kaniomba nimwambie huyo mzee kwamba chai yake inapoa. Mzee kakaa mbele yake!

Nimemwapia mke wangu. Hakuna mpango. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa.

Ijumaa, 7 Agosti

Sijapata usingizi. Siku isiyo na mpango inaweza kuharibika! Viti vinaweza kujaa. Mnara wa taa unaweza kufungwa. Mtu anayempenda mkewe ataiachaje siku hivihivi? Kwa hiyo nimepanga mambo yatokee yenyewe. Hiyo si hila. Ni kuisaidia bahati kidogo.

Nimeaga nakwenda kununua mkate. Mhudumu wa mgahawa wa gatini kakubali kututengea meza ya watu wawili, ile inayotazama maji, aweke na maua, aseme tu imebaki wazi. (Wakwe nimewapangia benchi, kwa heshima zote.) Mtunza mnara huwa hapandishi wageni, lakini kakubali kumtazama mke wangu na kumwambia ana uso wa mtu wa kupanda mnara. Nahodha wa kivuko atapiga honi, kisha atatangaza kwenye kipaza sauti kwamba bandari nzima inamsalimu mrembo aliyekaa na bwana mwenye kofia. Kofia yangu ndiyo alama kwa wote watatu. Ya majani, pana, utepe mwekundu. Mji mzima hauna kofia nyingine mbaya kama ile.

Nimerudi. Mke wangu kauliza mkate uko wapi. Nimesema umekwisha. Kasema duka la mikate liko ng'ambo ya barabara, anaiona mikate kutoka dirishani.

Jumamosi, 8 Agosti

Jua la kupasua kichwa! Tumetoka wanne, taratibu, tukitazama boti zikipakwa rangi. Hata gatini hatujafika, mke wangu kaona upara wa baba yake unaiva. Kaninyang'anya kofia, kamvisha mzee.

Balaa! Nimesema itambana. Mzee kasema imemkaa utadhani alipimwa. Nimesema ina chawa. Mke wangu kauliza tangu lini navaa chawa.

Basi, mambo yakaanza kutokea yenyewe. Mhudumu kaja mbio, kampita mke wangu, kamshika mzee mkono, kamkalisha yeye na mama mkwe kwenye meza ya maua. Sisi tumepata benchi, nyuma ya mapipa. Nimemkonyeza mhudumu mpaka jicho likauma. Kaniletea maji ya kunawia jicho.

Mtunza mnara kamkazia macho mama mkwe, mwanamke mwenye magoti mabovu yote mawili, kamwambia ana uso wa mtu wa kupanda mnara. Nikajua leo mtu anatukanwa. Mama mkwe kapanda, mzee nyuma yake! Tumebaki chini, shingo juu, tukimsikia mzee akimwambia polepole, mama, shika hapa. Anamwambia mwenyewe, si kupitia kwangu. Kisha dirisha la mnara likafunguliwa. Mkono ulikuwa wa mzee.

Waliposhuka na kurudi kwenye maua yao, honi ikalia. Nahodha katangaza yote, neno kwa neno. Bandari nzima imegeuka. Mama mkwe kafunika uso kwa mtandio, anacheka kama msichana. Mzee kasimama, kavua kofia, kapungia kila upande. Baadaye kanieleza kwa unyenyekevu kwamba hata ujanani alikuwa hivyo, watu wakimwona tu wanampenda.

Mke wangu kanigeukia. Kasema duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kutunga upuuzi kama ule. Nimekiri yote kabla hajamaliza. Sanduku nililiona mbele ya macho yangu, limefungwa na kamba juu. Akawatazama wazazi wake, wanagombea kumiminiana chai. Kasema hafungi sanduku. Ila nina adhabu: nikae naye juu ya ukuta wa bandari mpaka kivuko kirudi, mikono yangu aione.

Nimekaa. Miguu inaning'inia juu ya maji. Samaki wa kukaanga kwenye karatasi, tunanyofoa pamoja, hakuna anayesema neno. Kaniegemea bega. Kasema hiki tu ndicho alichokitaka tangu Alhamisi, mjinga mimi. Nampenda mwanamke huyu jamani.

Jumapili, 9 Agosti

Wakwe wametoka peke yao wameshikana mikono. Mzee kavaa kofia yangu. Eti anakwenda kuwasalimia watu wake.

Mimi nimeelewa sasa. Mke wangu hataki maua, hataki mnara, hataki honi. Anataka kukaa nami ukutani, kimya, bila mpango wowote. Somo limeniingia barabara.

Kwa hiyo nimeaga nakwenda kununua mkate. Mhudumu atawafukuza watu pale ukutani kuanzia saa kumi. Muuza samaki atapita kwa bahati tu. Nahodha kaapa hatagusa honi, na atajikokota baharini ili kivuko kichelewe kurudi. Alama safari hii ni shati la zambarau. Hakuna atakayenivua shati!

Nimerudi. Mke wangu kauliza mkate uko wapi.